Msiulize teknolojia gani inakuja, ulizeni bili itaandikwaje

Ndugu zangu, mwenyekiti wa kikao, wakubwa kwa wadogo, na nyie mliokaa karibu na mlango ili mchomoke kabla ya maswali, nawaona, habari zenu. Nimepewa mada ndefu kweli kweli, mwelekeo wa soko na ubunifu kwenye simu, intaneti na vyombo vya habari, na nimepewa dakika chache, kwa hiyo msitegemee nitapita kila kona.

Kila kikao cha sekta hii lazima mtu apande na slaidi za 5G, akili mnemba, setilaiti, mwaka unaofuata anarudi na slaidi zile zile kabadilisha namba tu. Sina ugomvi naye. Ila ukitazama miaka 30 hii, waliopata hela na waliozama hawakuachana sana kwenye mitambo, maana mitambo wote wananunua kwa wauzaji wachache wale wale, Ericsson, Nokia, Huawei, na wengine wa kuhesabu. Waliachana kwenye kaswali kadogo tu, mteja analipia NINI? Dakika? Meseji? Mega? Mwezi mzima? Au yeye halipi kitu, analipa mwenye tangazo? Ukishabadilisha hicho kipimo cha bili, hela yote ya sokoni inahama, na mara nyingi anayehamiwa siye aliyejenga mnara.

Nianze na ubunifu ambao hakuna mtu anaupigia makofi, vocha. Zamani simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mkataba, unasaini, kampuni inakuchunguza kama ni mlipaji, mwisho wa mwezi bili inakuja na ikikushinda unakatiwa. Sasa mtu asiye na akaunti benki wala barua ya mshahara huyo ndo yuko nje moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja kulipia kabla, TMN ya Ureno wakiwa kati ya wa mwanzo kabisa mwaka 1995 na laini yao waliyoiita Mimo. Hewani hapakuwa na kipya chochote jamani, mnara ule ule, simu ile ile, kilichoongezeka ni kompyuta inayohesabu salio wakati mtu anaongea, likiisha inamkata katikati ya sentensi. Basi, ni hivyo tu. Lakini kampuni ikaacha kuogopa wadaiwa sugu na mteja akaacha kuogopa bili, na mabilioni ya watu wakaingia kwenye mtandao kwa mlango huo. Halafu salio lenyewe watu wakaanza kulitumia kama hela, wanarushiana, na tabia hiyo ilikuwepo tayari kabla M-Pesa haijazinduliwa Kenya Machi 2007 na kuleta bili ya aina nyingine kabisa, ada kwa muamala.

Sasa twende kwenye meseji, hapa nitakaa kidogo maana kisa cha meseji kina kila kitu.

Meseji ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 kwenye mtandao wa Vodafone kule Uingereza, injinia mmoja anaitwa Neil Papworth aliiandika kwenye kompyuta maana simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandika maandishi, akamtakia mwenzake heri ya Krismasi. Na wengi hawajui meseji inapita wapi. Simu yako na mnara wana njia yao ndogo ya kuambizana mambo ya ndani, niko hapa, unapigiwa, nimehamia mnara mwingine, njia hiyo ipo upige usipige, na mara nyingi iko tupu. Wataalamu wakaona hapa tunaweza kupenyeza maandishi. Nafasi waliyoipata ni baiti 140, ukitumia biti 7 kwa kila herufi zinaingia herufi 160, na ndo chanzo cha ule ukomo uliotufundisha kuandika kwa vifupisho. Kwa hiyo meseji moja zaidi ilikuwa inamgharimu mwenye mtandao karibu na sifuri, na mteja anailipia moja moja. Faida ya namna hiyo huioni mara mbili katika maisha ya biashara.

Na kwa kuwa ilikuwa tamu, hakuna aliyetaka kuigusa. Wenyewe hao hao kampuni za simu wakaanza kuuza bando la intaneti kwenye simu, iPhone ikaja 2007, duka lake la apu 2008, na 2009 jamaa wawili, Jan Koum na Brian Acton, wakaanzisha WhatsApp. Maandishi yale yale ya heri ya Krismasi, ukiyapitisha kwenye data ni kilobaiti chache, yaani hayaonekani hata kwenye bando dogo. WhatsApp hawakuvumbua kuandikiana, wala kwa kulinganisha hawakuwa na wafanyakazi wengi. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi kama 55 na watumiaji milioni 450. Walichofanya ni kuihamisha meseji kutoka kwenye bili ya "moja moja" kwenda kwenye bili ya mega, na mega mteja ameshazilipia. Kuanzia hapo kila ukipunguza bei ya data ili umpate mteja, unaua meseji yako kwa mkono wako mwenyewe, na usipopunguza jirani yako atapunguza.

Mngedhani somo limeeleweka. Wapi!

Meseji za watu zilipokufa, zikabaki meseji za mashine, zile namba za siri za mara moja ambazo benki na mitandao ya kijamii wanakutumia kuthibitisha kuwa ni wewe. Kampuni za simu zikaona hee, kumbe bado kuna mtu analipia moja moja, na huyu ni kampuni, ana hela, wakapandisha. Bei ilivyopanda wakaja wezi. Mchezo wenyewe uko hivi, mtu anajipatia fungu la namba za simu, anaweka roboti zinajaza ukurasa wa kujisajili mara maelfu, kila ukijazwa mtandao wa kijamii unatuma namba ya siri na kulipia ile meseji, na sehemu ya malipo inarudi kwa mwizi kupitia madalali wa katikati. Hakuna binadamu aliyesoma meseji hata moja. Elon Musk alilalamika hadharani kwamba Twitter ilikuwa inapoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa meseji za hivi, na Machi 2023 wakaondoa uthibitisho wa meseji kwa wasiolipia. Na benki nazo zinahamishia uthibitisho ndani ya apu zao. Kwa hiyo kitega uchumi kile kile kimekamuliwa mara mbili mpaka kikakauka, tofauti ni kwamba mara ya pili hatukuhitaji hata mshindani kutoka nje.

Kuna wakati kubadilisha kipimo kunamlipukia anayebadilisha, msije mkadhani nawauzia dawa. AOL, Marekani, enzi za kupiga simu ili uingie intaneti, walikuwa wanatoza kwa saa. Desemba 1996 wakaenda dola 19.95 kwa mwezi, kaa unavyotaka. Wakati wa kulipia saa mteja alikuwa anaingia, anasoma barua zake mbio mbio, anakata. Baada ya hapo akiingia hatoki, maana akitoka anajua hataipata laini tena, kwa hiyo anaacha imeunganishwa mpaka asubuhi. Modemu, mashine za kupokea simu hizo, zikajaa, watu wakipiga wanasikia mlio wa "inatumika" usiku kucha, kesi zikafunguliwa, wanasheria wakuu wa majimbo wakaingia kati, na Januari 1997 kampuni ikakubali kurudishia wateja hela. Wateja walikuwa hawajabadilika roho, ni bili iliyobadilika, na tabia ya mtu kwenye mtandao inafuata bili kuliko inavyofuata kasi. Wanaopanga uwezo wa mitandao waliopo humu ndani naona mnatikisa vichwa.

Mfano mkubwa kuliko yote kwangu mimi ni Jio, kampuni ya simu ya India. Septemba 2016 wenye Jio, Reliance ya tajiri Mukesh Ambani, wanawasha mtandao wa 4G mtupu, hauna 2G wala 3G ndani yake, na wanatangaza kwamba kupiga simu ni bure, leo na siku zote, mteja atalipia data tu, na hiyo data nayo mpaka mwisho wa Machi 2017 ilikuwa ya bure. Wenzao wakacheka kidogo halafu wakaenda kulalamika kwa mamlaka. Wateja milioni 100 ndani ya siku kama 170. Sasa hapa watu wengi wanasema ah, yule tajiri alimwaga hela, ni kweli alimwaga, lakini angalieni kwa nini wapinzani hawakuweza kumjibu. Wao walikuwa na mitandao ya zamani ambayo sauti ina njia yake na data ina njia yake, na sehemu kubwa ya mapato yao ilikuwa dakika. Kwa Jio sauti ni data, dakika ya maongezi kwenye mtandao wa 4G ni kitu kidogo mno pembeni ya video, kuifanya bure hakumuumizi. Kwa mwenzake kufanya dakika bure ni kujichinja. Yaani alichagua kuifanya bure bidhaa ambayo mwenzake anaishi kwayo. Aircel ikafilisika 2018, Reliance Communications, ya mdogo wake wa damu, ikaingia ufilisi 2019, Vodafone na Idea wakaungana Agosti 2018 ili wapumue. Soko lililokuwa na kampuni zaidi ya kumi likabaki na tatu binafsi pamoja na ya serikali. Na baada ya vumbi kutulia? Bei zikapanda Desemba 2019, zikapanda tena 2021, zikapanda tena Julai 2024. Anayewapigia hesabu watumiaji faida ya ushindani mkali asisahau kuhesabu na hiyo miaka ya baadaye.

Sasa kampuni za simu na intaneti za Marekani zilipoona hela inaruka juu ya vichwa vyao kwenda kwa wenye video na matangazo, zikajiambia, basi tununue hao wenye video. Hii naipitia haraka kwa sababu inauma. AOL na Time Warner, wenye filamu na televisheni, Januari 2000, dola bilioni 165, na hasara iliyoripotiwa kwa mwaka 2002 ilikaribia bilioni 99. Verizon, kampuni ya simu, ikanunua AOL hiyo hiyo 2015, ikanunua na Yahoo 2017, ikazitoa zote 2021 kwa takriban bilioni 5. AT&T ikamaliza kuinunua Time Warner 2018 kwa bilioni 85 na ushee, 2022 ikaiachia iende kuungana na Discovery. Unajiuliza hawa watu wana washauri wa bei mbaya kabisa, walikuwa wanashauriwa nini? Mteja anayekulipa kwa ajili ya laini hakupi haki ya kumlipisha kwa ajili ya filamu, na filamu ukiifungia kwenye laini yako tu umeipunguzia watazamaji, ukiiachia kwa wote basi mtandao wako haujapata faida yoyote ya pekee. Hesabu haikai, hata ukiipanga vipi.

Upande wa video wenyewe nao wamezunguka wakarudi walikotoka. Netflix walianzishwa 1997, 1998 wakaanza kutuma DVD kwa posta, 2007 wakaanza kustrimu, yaani kuonyesha filamu kwenye intaneti, na hoja yao kwa miaka ilikuwa hakuna matangazo, lipa kwa mwezi, tazama utakavyo. Robo ya kwanza ya 2022 wakapoteza wateja laki mbili, hisa zikashuka kama asilimia 35 siku moja, na Novemba mwaka huo huo wakaleta kifurushi chenye matangazo. 2023 wakawabana wanaopeana nywila. Kuanzia 2025 wameacha kabisa kutoa idadi ya wateja kila robo mwaka, wanataka muwapime kwa mapato, na mimi kampuni ikibadilisha inachowaonyesha wenye hisa huwa natega sikio kuliko ikizindua bidhaa. Disney nao na wenzao, Hulu na Max, Julai 2024 wakaanza kuuzwa pamoja kwa bei moja. Vifurushi! Ile televisheni ya kebo ambayo wote walikuja kuizika, yenye chaneli usizozitaka na matangazo katikati, imefufuka imevaa nguo mpya.

Kuhusu 5G. Ilianza kibiashara Aprili 2019 Korea Kusini na Marekani, tukaahidiwa daktari atampasua mtu akiwa mji mwingine, magari yataongea, viwanda sijui vitafanya nini. Kilichouzika kweli kweli ni intaneti ya nyumbani. T-Mobile ya Marekani walianza Aprili 2021 na kufikia mwisho wa 2024 walikuwa na wateja zaidi ya milioni 6 wa hiyo huduma. Ujanja wao naupenda kwa sababu hauna mbwembwe. Mnara una uwezo uliojengwa kwa ajili ya saa za msongamano, maeneo mengine uwezo huo haujai kamwe, basi wanaangalia mnara kwa mnara, anwani kwa anwani, pale palipobaki nafasi wanauza, pasipobaki wanakuambia subiri kwenye orodha. Wanauza mabaki, kwa bei moja ya mwezi. Setilaiti za chini kama Starlink, zinazopita kama kilomita 550 juu yetu badala ya zile za kilomita 35,786, ni habari kubwa kwa mtu asiye na nyaya wala mnara, lakini kwa mijini hazina cha kuwatisha wenye nyaya, naomba tusitiane presha.

Na kuna watu ambao hawana intaneti kabisa, mwaka 2024 ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilikadiria ni bilioni 2.6. Tukisikia hivyo tunafikiria minara. Wengi wao wanaishi chini ya mnara tayari! Kinachowazuia ni bei ya simu yenyewe, na kutojua waifanyie nini. Kwa hiyo anayemuuzia mtu simujanja kwa malipo ya kila siku, inayojifunga asipolipa, huenda anaunganisha watu wengi kuliko anayeongeza minara. Ingawa hiyo ya kumfungia mtu simu ambayo ndiyo ofisi yake na benki yake, mimi hainikai sawa, na sioni wasimamizi wakiiangalia kwa makini inayostahili.

Nije kwenye ugomvi wa nani amlipe nani, kwa sababu ndipo wengi wenu mnapigania sasa hivi. Kampuni za simu zinasema Netflix, YouTube na Meta, wenye Facebook, ndio wanajaza njia zetu, wachangie. Tume ya Umoja wa Ulaya ilianza kukusanya maoni juu ya jambo hilo Februari 2023. Korea Kusini wao walishaanza zamani kutaka anayetuma data alipie, na matokeo yake Twitch, jukwaa la kutazama watu wakicheza gemu mubashara, ilifunga huduma zake huko Februari 2024, ikisema gharama za mtandao zilikuwa mara 10 ya nchi nyingine nyingi. Naelewa uchungu wa mwenye mnara, kweli, lakini hakuna data "inayotumwa" tu na Netflix kumwagika kwako, kuna mteja wako amebonyeza, na huyo mteja umeshamtoza. Halafu wakubwa hao wameshajenga njia zao wenyewe, Netflix inaweka mashine zake zenye filamu ndani ya mitandao ya watoa huduma bila kuwatoza, Google na Meta wana mikongo yao chini ya bahari, na mikongo ya baharini ndiyo inayobeba karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya mabara. Anayebaki kulipia kwa njia hizo mpya za ada ni yule mdogo asiye na mkongo.

Vyombo vya habari ndio nimewaacha mwisho, poleni, si kwa dharau. Gazeti lilikuwa linauza vitu viwili, habari kwa msomaji na msomaji kwa mwenye tangazo. Intaneti ikachukua cha pili. Serikali zikajaribu kulazimisha majukwaa yalipe, Australia 2021 ikafanikiwa kiasi, Kanada ikapitisha sheria yake 2023 na Meta ikajibu Agosti mwaka huo kwa kuzima habari zote nchini kwenye Facebook na Instagram, Google ikakubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Angalau kwenye hayo mapatano yote kulikuwa na kitu cha kuhesabu, kubonyeza. Mtu anatafuta, anaona kichwa cha habari, anabonyeza, anafika kwako.

Saivi habonyezi. Google ilianza Mei 2024 kule Marekani kuweka jibu la akili mnemba juu kabisa ya ukurasa, msomaji anasoma jibu lililochotwa kwako na kwa wenzako, anaridhika, anaondoka. Wachapishaji wengine wameuza habari zao moja kwa moja kwa kampuni za akili mnemba, shirika la habari la Associated Press walikubaliana na OpenAI, wenye ChatGPT, Julai 2023, News Corp Mei 2024, wengine wamekwenda mahakamani, New York Times walifungua kesi Desemba 2023. Lakini mapatano ya mkupuo ni ya wakubwa. Mwenye tovuti ndogo ya habari za kilimo nani atakaa naye mezani?

Kuna jibu moja linanivutia kwa sababu ni bili tupu. Kwenye kanuni za wavuti kila ukurasa unapoombwa unarudisha namba, mnaijua 404, haupo. Ipo na 402, inayosema lazima ulipe kwanza, imekuwepo tangu miaka ya 1990 na maelezo yake rasmi yalisema tu imetunzwa kwa matumizi ya baadaye. Julai 2025 Cloudflare, ambao tovuti nyingi sana duniani zinapita kwao, wakatangaza kwamba kwa wateja wao wapya roboti za akili mnemba, yaani programu zinazopita zikisoma kurasa, zitazuiwa moja kwa moja mpaka wenyewe waruhusu, na wakaanza majaribio ambapo mwenye tovuti anaweka bei kwa kila ukurasa unaoombwa, roboti ikifika bila kulipa inapewa 402. Kipimo kipya kabisa, kwa kila ziara ya roboti.

Shimo lake liko hapa. Roboti ya Google inayokuingiza kwenye matokeo ya utafutaji ndiyo hiyo hiyo inayolisha lile jibu la juu ya ukurasa. Ukiifungia mlango umejifuta kwenye utafutaji, ukiiachia imechota bure. Kwa hiyo kampuni changa za akili mnemba zitaoneshwa 402 na mkubwa kuliko wote atapita bila kuulizwa. Penske, wenye jarida la Rolling Stone, waliishtaki Google Septemba 2025 juu ya jambo hili hili, na kabla mahakama haijaamua kama kazi hizo mbili za roboti zitenganishwe, mimi sitamshauri mchapishaji yeyote aandike mapato ya roboti kwenye bajeti yake. Mwenyekiti, leta maswali, na tuanze na wale wa mlangoni.